Ukuta wa Zamu za Maji

Watu wa mjini wakiniuliza nilijifunza wapi kuchora duara namna ile, huwa nawajibu kwamba nilijifunza chuoni. Ni uongo, na nimeusema mara nyingi mpaka umenikaa mdomoni, siumaumi tena maneno. Duara nilifundishwa na mwanamke mmoja kule kwetu mlimani, nikiwa darasa la nne, kwa kipande cha mkaa na uzi uliofungwa kwenye msumari. Alinichapa vidole kwa rula kwa sababu duara langu nilikuwa nimelizungushia petali likawa ua. "Maua yako bustanini," alisema. "Hapa nimekuomba duara."

Tulimwita Mwalimu, basi, kana kwamba shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja. Alikuja kijijini kwetu, juu kidogo ya Mhezi, akiwa bado msichana. Kwao ni Suji, lakini alitoka moja kwa moja chuo cha ualimu akiwa na sanduku la bati na sweta moja la kijani. Chuoni somo la sanaa walifundishwa na mkufunzi mgeni kutoka Ulaya ya Mashariki, enzi zile nchi yetu ilipokuwa na marafiki wengi upande huo. Mkufunzi huyo alikuwa na mabango ya zamani na majarida yaliyochakaa, kazi za watu wa kwao wa wakati wa ujana wa babu yake. Watu hao walikuwa wamechoshwa na picha za malaika na za matajiri walioketi kwenye viti vya velveti. Wakasema dunia mpya ichorwe kwa duara, mraba na mstari wa mshazari, kwa nyekundu na nyeusi, na picha itoke kwenye fremu iende ukutani na barabarani, ifanye kazi kama jembe linavyofanya kazi. Kwao walinyamazishwa, wengine wakasahauliwa kabisa. Mkufunzi aliwaeleza wanachuo hayo yote kwa Kiswahili cha kubahatisha, na wengi walisinzia. Mwalimu hakusinzia.

Nalijua hili kwa sababu alitusimulia sisi, watoto wa wakulima wa mahindi na maharage, kana kwamba ni habari za ukoo wetu.

Sasa niseme habari ya maji, maana bila hiyo ukuta hauelezeki. Kwetu maji hugawanywa kwa zamu. Kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilichimba juu ya mashamba. Hufungwa jioni lijae, hufunguliwa asubuhi, na kila kitongoji kina siku yake ya kuelekeza mfereji kwake. Watani wetu husema Mpare anapenda kesi kuliko chakula, na kwa habari ya maji sitabisha. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kanisani kwa sababu ya asubuhi moja ya mfereji. Orodha ya zamu ilikuwa ikibandikwa mlangoni kwa katibu, lakini wazee wengi hawakusoma, na waliosoma walisoma kwa faida yao.

Mwalimu akaomba apewe ukuta wa ghala la shule, ule unaotazama njia ya mashambani. Alichora mwezi mzima, baada ya vipindi, amesimama juu ya dawati lililopandishwa juu ya dawati jingine. Nyeusi aliipata kwenye masizi ya jiko la shule, nyeupe ilikuwa chokaa, nyekundu ilikuwa udongo wa kando ya njia aliouchanganya na gundi ya seremala. Buluu ilikuwa ile ya kufulia mashati meupe. Aliinunua dukani vibunda vyote vilivyokuwapo mpaka mwenye duka akamuuliza ana mashati mangapi.

Katikati kulikuwa na duara kubwa jeusi, refu kuliko mtu mzima. Hiyo ndiyo ndiva. Kutoka hapo mistari ya mshazari ilishuka, minene na myembamba, na kila mmoja uliishia kwenye mraba. Miraba ilikuwa sita, na hapakuwa na miwili iliyofanana. Mmoja una mistari ya kulala, mwingine umekatwa pembe kwa pembe, mwingine una jicho la buluu katikati, na kila kitongoji kilipewa wa kwake kikauzoea. Jumapili ilikuwa pembetatu nyeupe, siku ya wale waliofiwa au kuugua wakapitwa na zamu yao. Kila asubuhi, kwenye umbo la siku iliyofika, ilitundikwa kabari ya mti iliyopakwa nyekundu. Hapakuwa na herufi hata moja ukuta mzima.

Mwanzoni watu walicheka. Baada ya wiki mbili walikuwa wanautazama bila kujua kwamba wanautazama. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alipita pale na jembe begani, akatupa jicho mara moja, akajua leo ni ya nani. Ugomvi haukwisha, sisi ni watu, lakini ulipungua kiasi kwamba mchungaji aliutaja kwenye mahubiri. Nimetembea makumbusho mengi tangu hapo, nimepanga foleni kwenye mvua kutazama turubai zinazolindwa na askari. Sijaona tena picha iliyotazamwa na watu wengi vile kwa sababu walikuwa na haja nayo.

Kisha mambo yakabadilika kama yanavyobadilika. Yakaja mabomba, ikaundwa kamati, kamati ikapewa daftari na mhuri. Kabari ikapotea. Wanafunzi waliozaliwa baadaye waliegemeza migongo yao kwenye duara wakila miwa, na wapishi wa shule wakaanza kupanga kuni pale chini. Mwalimu alistaafu akabaki kijijini, kwenye nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Hakuchora ukuta mwingine. Hakuna aliyemwomba.

Mimi nilikwenda kusoma sanaa ng'ambo. Siku moja, katika ukumbi uliofungwa mapazia, mhadhiri alituonyesha kwa projekta kazi za wale watu wa mkufunzi wa Mwalimu. Duara jeusi likajaa ukutani. Mistari ya mshazari. Kabari nyekundu. Nilicheka kwa sauti na watu wakageuka kunitazama. Mhadhiri alisema hii ni lugha ya picha iliyokufa kabla ya kutimiza ndoto yake, kwamba ilitaka kuwahudumia watu wa kawaida ikaishia kwenye maghala ya makumbusho. Niliinua mkono niseme kwamba haikufa, kwamba ilihamia Upareni ikagawa maji kwa miaka mingi. Halafu nikaushusha mkono. Kiingereza changu kilikuwa bado kizito, kweli, lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeshaona hiki ni kitu cha kuficha mpaka nikifanye changu.

Nilirudi nyumbani kumzika mama, na siku ya tatu ya matanga nikatoka na simu yangu nikaenda ghalani. Nilipiga picha vipande vipande: kona ya mraba, ukingo wa duara, mahali mstari mnene unapougusa mwembamba. Ukuta mzima sikuupiga. Nilijiambia kuni zinaziba sehemu ya chini. Ukweli ni kwamba mtu anayenakili hupenda kuwa na vipande, maana kipande hakimkumbushi mwenye kazi.

Kazi zangu za kwanza nilizifanya juu ya mabati ya zamani, kwa masizi na buluu ya kufulia. Dar es Salaam wakazipenda. Nje wakazipenda zaidi. Siku hizi kuna mtindo wa wasanii kuchimbua alama zilizosahauliwa na kuzipa maisha mapya, na mtindo huo una maneno yake, nami nilijifunza kuyasema bila aibu. Nilifufua. Nilihoji. Nilirejesha. Watu waliovaa miwani minene walisimama mbele ya bati langu wakisema wanaona mazungumzo kati ya Afrika na wale wanamapinduzi wa sanaa wa karne iliyopita. Mazungumzo yalikuwapo kweli. Yalifanywa na binti wa Suji juu ya madawati mawili, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mlango nikisikiliza.

Msimamizi wa maonyesho yangu ni mwanamke makini wa Dar, mtu wa haki, sina la kumlaumu. Alipokuwa akiandaa kitabu cha maonyesho aliniuliza, "Huo ukuta wa kijijini kwenu ulichorwa na nani?" Aliuliza kalamu ikiwa mkononi. Lilikuwa suala la kutamka majina mawili. Nikasema, "Haijulikani." Akaandika kwamba msanii amechota kutoka kuta za vijijini ambazo wachoraji wake hawajulikani, tukaendelea na ukurasa mwingine. Niliogopa. Nikimtaja Mwalimu, mimi nabaki mwanafunzi aliyenakili vizuri, na nilikuwa nimeshaonja kuitwa zaidi ya hapo.

Uongo wa namna hiyo huwa hauombi mengi. Unakaa kimya, unakula nawe, unasafiri nawe. Halafu siku moja msimamizi akanipigia simu kwa furaha. Amempata mtafiti mmoja mzee kutoka Ulaya, mtu aliyetumia maisha yake yote kuwafuatilia wale wachoraji waliosahauliwa na wanafunzi wa wanafunzi wao popote walipotawanyika. Ameona kitabu chetu. Anataka kuuona ukuta kwa macho yake kabla hajawa mzee wa kushindwa kupanda mlima. Kitatoka kitabu kikubwa, na ukuta wa kwetu utakuwa na sura yake.

Nilifikiri kwa siku kadhaa kwamba hii ndiyo nafasi. Wakifika pale, mtu yeyote atawaambia ni kazi ya Mwalimu. Itajulikana bila mimi kusema, nami nitashangaa pamoja nao. Nilifanya hata mazoezi ya kushangaa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nasimama mbele ya kioo najifunza kupandisha nyusi.

Nikamwandikia barua mwenyekiti wa kijiji. Nilisema tutapata ugeni mkubwa Jumamosi ya wiki inayofuata, wageni kutoka Dar na Ulaya, wanakuja kuuona ukuta wa ghala la shule. Niliomba kuni zilizopangwa pale ziondolewe na mahali pafanyiwe usafi. Sikuandika kwa nini wanakuja kuuona. Sikuandika kwamba ni picha, wala ya nani. Kama ningeandika sentensi hiyo moja ningekuwa nimemtaja.

Hapa ndipo watu wa mjini hushindwa kunielewa nikiwasimulia, na ndipo mtu yeyote wa kwetu huanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza. Sisi hatumwonyeshi mgeni kitu kilichochakaa. Mwenge wa Uhuru ukikaribia kupita, mawe ya kando ya barabara hupigwa chokaa, mashina ya miti hupigwa chokaa. Askofu akija kwa kipaimara, hata kuta za choo cha kanisa huwa nyeupe. Mwambie Mpare wa milimani kwamba mzungu anasafiri kutoka kwao kuja kutazama ukuta, naye atajua kazi yake ni nini. Atautengeneza ukuta.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo linaniuma mpaka leo. Tulilala Same, asubuhi tukaenda mpaka Makanya, tukaiacha lami tukaanza kupanda. Mtafiti alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono mirefu, ameshika begi lake kifuani. Kila kona alisema jambo. Alisema amezeeka akitafuta mahali pamoja tu ambapo wale watu walifanikiwa, ambapo picha ilifanya kazi kweli katika maisha ya wakulima. Alisema ana marafiki waliokufa bila kupaona. Msimamizi alinitazama akatabasamu, nami nikatabasamu.

Niliona kitu cheupe tukiwa bado kona ya mwisho. Mwanzoni nilidhani ni shuka limeanikwa.

Mwenyekiti alikuwa ametangulia kutupokea, amevaa koti, na nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga sufuria za makande na birika za chai ya tangawizi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada yetu, hujatuangusha na sisi hatukukuangusha," alisema. "Pembe ya msaragambo ililia siku mbili. Kijiji kizima kilitoka kufanya kazi, hata wagonjwa walileta maji. Angalia!"

Nikaangalia. Ukuta ulikuwa mweupe kutoka kwenye msingi mpaka kwenye mabati, mweupe wa kuumiza macho. Chini walikuwa wamepiga mkanda wa buluu ulionyooka vizuri, na katikati, mahali palipokuwa na ndiva, paliandikwa KARIBUNI WAGENI WETU.

"Huu ndio ukuta?" msimamizi aliniuliza polepole.

"Ndio huu."

Sikuweza kumkasirikia mwenyekiti. Nilitamani. Nilitafuta ndani yangu hasira ya kumrushia nikakuta yote ina anwani yangu. Alikuwa amesimama pale anasubiri asifiwe, na alistahili kusifiwa, kwa kuwa alifanya kila kitu ambacho mtu mwenye heshima angefanya kwa barua ile. Nikamwambia, "Mmefanya kazi kubwa, mwenyekiti." Akafurahi sana, akawageukia wanawake akawaambia nimefurahi, nao wakapiga vigelegele.

Mtafiti alielewa kabla hajaambiwa. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya chokaa, akakitazama kiganja chake cheupe. Kisha akakaa kwenye jiwe. Sikumwona akilia, lakini alivua kofia akaishika magotini kama watu wanavyokaa msibani. Baadaye kidogo aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole, jambo moja tu. Mchoraji ni nani, na je, kuna bahati yoyote kwamba bado yu hai? Kwa sababu ukuta ukiondoka, alisema, bado mtu anaweza kusimulia.

Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Nilikuwa nimemwona tangu tunashuka garini: amevaa kitenge cha kanisani, kichwa amekifunga, ameshika beseni na jagi la kuwanawisha wageni mikono. Kati ya watu wote waliokuwa pale uwanjani, yeye peke yake ndiye aliyelielewa swali lile. Kiingereza changu cha kwanza nilikipata kwake.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Sitasema nilishtukizwa. Niliona msimamizi ananitazama, nikakumbuka kalamu yake, nikaona jinsi ambavyo jibu lolote la kweli lingefichua na ule uongo wa kwanza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba haijulikani.

Mwalimu akasogea. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa umri wake mbele ya mgeni, akaweka beseni chini ya mikono ya yule mzee, akammiminia maji. Chokaa ikatoka kiganjani ikaingia kwenye beseni. Mzee akasema "asante sana" kwa Kiswahili alichokuwa amekifanyia mazoezi njia nzima. Mwalimu akamjibu, "Karibu, baba." Kisha akanisogelea mimi, akaninawisha mikono, nami nikainyoosha.

Tulikula. Makande yalikuwa matamu na niliyala, sijui kwa nini naona lazima niliseme hilo. Mtafiti alipiga picha moja ya KARIBUNI WAGENI WETU kwa sababu mwenyekiti alimwomba. Dereva alipoanza kuzungumzia mawingu na hali ya barabara, mwanamke mmoja akaja kuniambia Mwalimu ananiita nyumbani kwake mara moja kabla sijaondoka.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Kwa kweli nilikwenda nikiwa na njaa ya kugombezwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umekonda, hawakupi chakula huko?"

Kitabu cha maonyesho yangu kilikuwa mezani kwake, kimefunikwa kwa gazeti kama tulivyofunika madaftari ya shule. Alisema mpwa wake anayefanya kazi Same ndiye aliyempatia. Sikuwa najua kama kimefika huko.

Nikaanza kuongea ovyo. Nikamwambia nilichoomba ni kuni tu, kwamba sikusema wapige chokaa, kwamba yeye angewazuia, neno lake moja lingetosha, kila mtu hapa anamheshimu. Nikasikia sauti yangu inapanda. Nilikuwa namlaumu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake namlaumu yeye.

Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akimsubiri mtoto amalize kulia.

"Najua uliomba kuni," alisema. "Barua niliisoma mimi. Mwenyekiti miwani yake imevunjika, aliniletea nimsomee."

Macho yangu yakaenda kwenye kitabu pale mezani.

"Na kitabu chako nimekisoma chote, kurasa zote. Kazi nzuri. Mistari yako imenyooka kuliko yangu." Akagusa gazeti la juu kwa kidole. "Nikaona mmeandika mchoraji hajulikani. Nikasema, huyu mtoto ana sababu yake. Labda huko aliko, ikijulikana ni mimi, watamvunjia heshima."

"Mwalimu..."

"Halafu ikaja barua kwamba unawaleta watu wako kuuona. Nikasema, sasa huyu ataaibika. Ukuta ukiwapo watauliza, na hapa hata mtoto mdogo atawaambia ni wa Mwalimu. Siku ile ya msaragambo wakaanza kubishana, wengine wanataka chokaa, wengine wanasema waoshe tu. Wakaniuliza mimi, ukuta ni wako, tufanyeje?" Alikuwa anaongea taratibu, bila kinyongo chochote, na ningetoa mkono wangu wa kulia ili nisikie kinyongo. "Nikawaambia wapige. Lakini wakwangue kwanza, kwa panga na brashi ya waya. Masizi hayafichwi na chokaa peke yake, yangechungulia tu. Nilianza mimi upande wa duara, wao hawakujua pa kuanzia. Tukakwangua siku nzima. Kesho yake tukapiga chokaa mara mbili."

Alinitazama vizuri, akitaka kuhakikisha kwamba nimetulia.

"Picha haionekani hata kidogo, eti?" aliuliza. "Hawakugundua?"

Nikasema hawakugundua. Gari likapiga honi. Akanifungia ndizi mbivu za njiani kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka kwenye mti wa parachichi, na nikaondoka. Ndani ya gari sikusema kitu, wala Makanya, wala Same tulipolala tena. Mtafiti alirudi kwao na msimu wa baridi uliofuata tukapata habari kwamba amefariki.

Msimamizi nilimwambia baadaye, miezi mingi baadaye, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Hakunifukuza. Aliniambia jambo ambalo sikutegemea, kwamba kitabu kitachapwa upya na tunaweza kumpa Mwalimu sura nzima, picha ya ukuta na jina lake chini. Akaomba nimletee picha ya ukuta mzima. Nikamletea kona ya mraba, ukingo wa duara, mahali mstari mnene unapougusa mwembamba. Tulijaribu kuviunganisha mezani. Havikuungana.

Hata hivyo nikampigia simu Mwalimu kumwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Nilimweleza kila kitu, kwamba nimekiri, kwamba watu wako tayari kusikia, kwamba haki yake itarudi. Nililia, na nilimwambia nalia. Nyuma yake niliwasikia kuku wake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile ya darasani:

"Utaliandika chini ya nini?"